"Maneno hayaui": tunayosema kijiweni na yaliyoamuliwa AICC

Kijiwe chetu cha kahawa hakiko mbali na AICC, jengo la mikutano la Arusha ambamo watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda walisomewa hukumu hadi mahakama ile ya Umoja wa Mataifa ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Ujirani huo haujatusaidia sana: bado tunarudia maneno kama haya kuhusu kesi zile na sheria za vita.

"Wale wa redio walifungwa kwa kuongea tu."

Hili ndilo linaloniudhi zaidi. RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea chuki, haikuishia kuwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Baada ya 6 Aprili 1994, ndege ya rais ilipotunguliwa na mauaji yakaanza, ilitaja watu kwa majina na kusema walipo, na wenye mapanga kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa wanaisikiliza. Anayemwonyesha muuaji mlango wa kugonga, kaongea tu huyo? Desemba 2003, jopo la Jaji Navanethem Pillay liliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura.

Tena rufaa ya 2007 ilichambua kwa makini: matangazo ya kabla ya 6 Aprili yalieneza chuki, lakini haikuthibitika kuwa yalikuwa wito wa moja kwa moja wa kuangamiza. Ya baadaye, ndiyo. Vifungo vikapungua, vikawa miaka 30, 32 na 35.

"Hata mwanamuziki alifungwa kwa nyimbo zake."

Hapana. Simon Bikindi alipewa miaka 15 mwaka 2008 kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti, akiwa garini, Juni 1994. Nyimbo zilibishaniwa sana mahakamani, ila si zilizomfunga.

"Mikataba ya Geneva ni ya nchi na nchi."

Kifungu cha 3, kilichomo katika mikataba yote minne ya 1949 ya sheria za vita, kinahusu hasa vita vya ndani. Asiyepigana haguswi, awe wa upande wowote.

"Mwandishi wa habari vitani ana kinga maalumu, kama daktari."

Hana. Ile fulana ya bluu yenye neno PRESS ni desturi ya kazi. Haina nguvu ya kisheria iliyo nayo alama ya msalaba mwekundu. Kisheria yeye ni raia, analindwa sawasawa na muuza nyanya wa soko la Kilombero. Kuripoti habari zinazomuudhi jemadari hakumwondolei ulinzi huo. Kushika bunduki, au kumpa mpiganaji taarifa za pa kulenga, kunamwondolea kwa muda wote anaoshiriki.