Ukungu ute: usiumwagie mafuta ya taa, na usiubebe kwenye begi

Tangu masika yaanze, simu zinazoingia kwenye kitengo chetu cha usalama wa maabara ni za aina mbili. Zipo za wenye bustani: kuna kitu cha njano kimetapakaa juu ya maranda, kinateleza kama yai bichi, na jana hakikuwepo. Zipo za walimu na wanafunzi wa vyuo walioona video za kiumbe cha njano kikitafuta njia ndani ya vichochoro, wakataka kukiagiza. Wote wana nia njema. Makosa yanayofuata lakini ni yaleyale, ndiyo maana tunaandika.

La bustani ni fupi. Kitu hicho mara nyingi ni Fuligo septica, aina mojawapo ya ukungu ute. Hakiumi na hakili mmea wako. Kinakula bakteria na vijidudu vingine vilivyo kwenye vitu vinavyooza, kisha baada ya siku chache kinakauka na kubaki unga mweusi wa spora, yaani chembe zake za kuzaliana. Mwaka 1973 kilizuka kwenye nyasi za nyumba moja huko Garland, Texas, kikazua taharuki hadi magazetini. Mama mmoja alitupigia akiwa ameshakimwagia mafuta ya taa, na tuta lake lote la mchicha likaungua. Koleo linatosha. Kizoe kingali kibichi, maana unga wake ukipeperuka humsumbua mwenye pumu. Na si uchawi. Swali hilo tumelijibu mara nyingi kupita kiasi, na jibu halitabadilika.

Jina lenyewe linachangia kupotosha. Tunasema ukungu, lakini si kuvu. Kuvu hunyonya chakula kilichokwisha kuyeyushwa nje ya mwili wake. Huyu anatambaa, analizingira windo lake na kulimeza. Ndugu zake ni amiba.

Ukungu ute unaotumika zaidi katika utafiti wa seli, akiwa seli moja moja humwoni kwa macho. Ni Dictyostelium discoideum, ambaye Kenneth Raper alimpata kwenye msitu wa North Carolina, Marekani, na kumtangaza mwaka 1935. Kila seli yake huishi peke yake udongoni ikila bakteria. Njaa ikiingia, baadhi ya seli huanza kutoa kemikali iitwayo AMP ya mzunguko, kwa mapigo ya takriban dakika sita sita. Jirani akiipata huigeukia, hutambaa kuelekea inakotoka, naye hutoa ya kwake. Chini ya darubini utaona sahani nzima ya maabara anamokuzwa ikipitiwa na mawimbi ya duara, na seli zikifuatana kwa misururu kama siafu. Hukusanyika hadi 100,000, zikawa mwili mmoja wa milimita mbili hadi nne unaojikokota kuelekea kwenye mwanga. Mwishowe mwili huo husimama. Kama seli moja katika kila tano hufa na kuwa bua. Zilizobaki hupanda juu yake zikawa spora. Kazi yote ni takriban saa 24. Nimeiangalia kwa miaka mingi, na bado siku sahani ikiwa imefika kwenye misururu huwa nachelewa kurudi nyumbani.

Kwa nini tumjali? Kwa sababu chembe nyeupe za damu yetu zinazokimbilia kidonda hutumia mitambo inayofanana sana na ya seli hizi. Jenomu yake, yaani jumla ya vinasaba vyake, ilichapishwa 2005: kromosomu 6, jeni takriban 12,500. Kila jeni ina nakala moja tu, hivyo ukiizima moja unaona athari yake mara moja, bila nakala ya pili kuificha. Watafiti humlisha Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, ili waone jinsi bakteria huyo anavyokwepa kumeng'enywa ndani ya seli. Wamemtumia pia kuchunguza namna lithiamu na asidi ya valproiki, dawa za maradhi ya akili na kifafa, zinavyofanya kazi. Panya hata mmoja hajachinjwa. Kwa nchi yenye maabara chache na wagonjwa wengi wa kifua kikuu, huyu ni msaidizi wetu wa bei nafuu, na nasikitika kila ninapoona ombi zuri likikwama kwa karatasi.

Sasa utaratibu wa kumwagiza kutoka nje ya nchi, na tafadhali usome wote. Kwanza andika ombi linalotaja spishi, aina mahususi, chanzo, na chumba kitakakotunzwa. "Slime ya njano" si jina la spishi. Ombi la namna hiyo tunalirudisha. Pili, pata kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kabla mzigo haujaondoka huko utokako, si ukiwa umeshafika uwanja wa ndege. Tatu, kama aina unayotaka imebadilishwa vinasaba, na nyingi za maabara ziko hivyo, kuna kanuni za usalama za 2009 zinazosimamiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais. Hilo ni ombi jingine, na kibali kimoja hakisimami badala ya kingine. Nne, mkataba wa kupokea sampuli husainiwa na taasisi. Sahihi ya mwanafunzi haitoshi, wala ya msimamizi wake peke yake. Tano, kila sahani iingie kwenye daftari siku ya kupokelewa na siku ya kuteketezwa, na iteketezwe kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 20 kabla ya kwenda jalalani.

Kuna wanaotaka kumbeba kwenye begi bila kibali, wakisema, "Ni spora kwenye kipande cha karatasi tu, nani ataona?" Mkaguzi akiona, mzigo huzuiwa, hurudishwa au huteketezwa, na gharama ni za mwenye mzigo. Shauri likifika mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, anayeshtakiwa ni wewe, si aliyekuuzia mtandaoni.

Jambo moja ambalo waombaji wengi hawaliulizi: joto. Dictyostelium hukuzwa kwenye nyuzi 22 hivi. Kwenye nyuzi 30 za chumba cha Dar es Salaam atakufa mikononi mwako, kibali kikiwa bado kibichi. Inkubeta yako, yaani kabati la kukuzia lenye joto lisilobadilika, iwe ya kupoza, na iwe imeshanunuliwa.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone ukungu ute kwa macho hahitaji kuagiza chochote. Chukua vipande vya gome kavu la mti wa shuleni, vitandaze juu ya karatasi laini ndani ya chombo chenye kifuniko, mimina maji safi hadi vilowe, acha usiku mmoja, kisha mwaga yaliyozidi. Funika, weka pasipopigwa na jua. Kagua kwa lenzi kila baada ya siku mbili, kwa wiki kadhaa. Gome likitoka kwenye msitu wa hifadhi, omba ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu kwanza; likitoka kwenye mwembe wa uwanjani, ruhusa ya mwalimu mkuu inatosha.