Kuficha jina si kufungwa mdomo

Wengi hudhani anayejiunga na Alcoholics Anonymous, yaani AA, chama cha watu wanaosaidiana kuacha ulevi, hula kiapo cha siri: asimwambie mke, bosi wala jirani. Kiapo hicho hakipo. Mtu akimwambia shemeji yake harusini, chupa ya soda mkononi, "Pombe niliacha, siku hizi nahudhuria vikao vya AA," hajavunja chochote.

Desturi ya 11 ya chama hicho, moja ya kanuni zake, inazungumzia magazeti, redio na filamu. Humo ndimo mwanachama hatakiwi kujitambulisha kwa jina kamili kuwa ni mtu wa AA. Walijifunza kwa kuungua. Mwaka 1940 Rollie Hemsley, mchezaji wa besiboli wa Cleveland, aliwatangazia waandishi kuwa AA ndiyo iliyomtoa kwenye ulevi. Bill W., mwanzilishi mwenza, akaingiwa wivu, naye akaanza kutafuta sifa magazetini. Baadaye alikiri alikosea. Na hebu fikiria: nyota akirudia chupa, jina la chama linazama naye. Mwaka 1969 Bill alipotoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, kamera zilimpiga picha za kisogoni tu.

Kusema hadharani "nimeacha pombe," sura na jina vikionekana, ni ruksa. Kinachoachwa ni kuitaja AA. Siri yenyewe hasa ni ya mwenzako. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, watu wazuri kabisa huteleza, tena kwa furaha: "Kumbe fulani naye yumo! Jana tulikaa naye."