Je, wajua kwa nini aksolotli mgonjwa hugoma kula?

Nyungunyungu ananing'inia kwenye kibanio, anajinyonganyonga mbele kabisa ya pua ya aksolotli wako, mnyama wa majini unayemfuga kwenye tangi. Aksolotli mwenye afya angeachama ghafla na kumfyonza pamoja na maji, kufumba na kufumbua. Huyu wako anageuza kichwa. Kesho yake vivyo hivyo. Keshokutwa unaanza kuogopa, na una haki.

Usikimbilie dawa, wala usimlazimishe kumeza. Pima maji kwanza.

Aksolotli ni salamanda, jamaa ya chura mwenye mkia, anayezeeka bila kutoka majini, na matamvua yake mekundu yenye nyuzinyuzi hubaki yamechomoza pembeni mwa kichwa maisha yote. Kwao ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ni ya baridi. Mwili wake hufuata joto la maji. Nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi humfaa. Yakipita 24, oksijeni majini hupungua wakati mwili wake ndio unaihitaji zaidi, na hamu ya kula hukatika. Chumba unachokiona wewe kina hali nzuri kinaweza kuwa mateso kwake. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia kuyapoza, ila polepole, maana kubadilika ghafla nako humwumiza.

Halafu kuna amonia, na hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu haionekani. Kinyesi na mabaki ya chakula huizalisha, nayo huunguza matamvua na ngozi. Bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, yenye afadhali. Tangi jipya bado halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Kwa hiyo maji yanaweza kumetameta kama kioo huku mnyama anaungua ndani yake. Amonia na nitriti zinatakiwa ziwe sifuri. Zikionekana kwenye kipimo, badilisha sehemu ya maji kila siku, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile.

Maji yakiwa safi, tazama chini ya tangi. Anayekula kwa kufyonza hufyonza na changarawe, na kijiwe kikinasa utumboni hakuna chakula kitakachopita. Tumbo likivimba na choo kikakatika, mpeleke kwa daktari wa wanyama ampige eksirei. Mwone daktari pia ukikuta vishungi vyeupe kama pamba kwenye matamvua: hiyo ni kuvu.

Aksolotli mkubwa aliyenona anaweza kustahimili wiki mbili bila kula, mtoto hawezi. Mtazame kutoka juu: tumbo likiwa na upana wa kichwa, bado ana akiba. Mpe tena kipande kidogo cha nyungunyungu jioni, taa zikiwa zimezimwa, na akikikataa kiondoe kabla hakijaoza.