Bata mzinga aliyenyamaza hajahama: dhana potofu za uwindaji wa machipuko

Jumatatu ya tatu ya Aprili, huku Missouri, Marekani, watu wazima wenye akili zao timamu huamka saa tisa usiku, hujifunika uso kwa kitambaa cha mabakamabaka na kwenda kukaa chini ya mti gizani. Mimi ni mmoja wao. Kazini kwangu hilo halimshangazi mtu. Wanaoshangaa ni ndugu zangu wa Dar es Salaam. Mjomba aliwahi kuniuliza kwenye simu, "Yaani bata mzinga, yule wa kuzubaa uani kwa watu, ndiye unayemwamkia alfajiri na bunduki? Si umdake bawa tu?"

Nilicheka. Lakini machipuko ya karibuni yamekuwa magumu: mvua, upepo, ndege wachache, na walio hai hawasemi. Ndipo unapogundua kwamba mengi uliyoambiwa na wenyeji wenyewe hayana mashiko kama unavyodhani, achilia mbali ya mjomba.

"Ni yule yule wa kufugwa"

Hapana, mjomba. Yule wa bandani asili yake ni ndege wa Mexico. Wahispania walimvusha bahari karne ya 16 akiwa ameshafugwa na wenyeji wa huko, Ulaya ikamnenepesha, kisha walowezi wakamrudisha Amerika akiwa tayari ndege wa uani. Wa porini hakupitia malezi hayo. Dume lililokomaa lina kilo nane hadi kumi na moja, na bado linakimbia kilomita 40 kwa saa na kuruka kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 88 kwa saa, japo si kwa masafa marefu. Usiku analala juu mtini. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo bila kugeuka anaona karibu kila upande, tena anaona rangi vizuri. Pua tu ndiyo hana. Wazee wa huku husema angekuwa na pua ya paa, pasingekuwa na mtu aliyewahi kumla.

Na kwa kweli si bata pia. Vidole vyake havina utando, na ndugu zake ni kuku na kwale. Ila tusijilaumu, maana kila taifa limemkosea jina. Waingereza walimpa jina la Uturuki, Waturuki humwita hindi, Wafaransa dinde, yaani wa India, na Wamisri humwita jogoo wa Kirumi. Sehemu ya mkanganyiko huo inatoka kwetu. Kanga wa Afrika alikuwa akifika Ulaya kupitia wafanyabiashara wa dola ya Uturuki, na ndege mgeni kutoka Amerika alipotokea, watu wakawachanganya. Hata jina lake la kisayansi, Meleagris, ni neno la Kiyunani lililokuwa la kanga.

"Asipowika, hayupo"

Hii ndiyo iliyoniadhibu zaidi, na ndiyo inayowarudisha watu wengi nyumbani mikono mitupu msimu ukiwa mgumu.

Somo la mwanzo kabisa unalofundishwa ni hili: alfajiri dume huwika akiwa bado mtini, sauti ikasikika zaidi ya kilomita moja kukiwa shwari. Wewe unasogea kidogo, unakaa, unamwita kwa sauti ya jike, anakuja. Kwenye mwaka mzuri inawezekana ikawa hivyo kweli. Kwenye mwaka mbaya unasikia kunguru tu. Saa moja na nusu asubuhi mtu yuko kwenye gari lake, anasema msitu umekufa.

Mara nyingi yupo. Kuwika ni kuita majike, na dume aliyeshuka mtini akazungukwa na majike sita hana sababu ya kupiga kelele. Pale penye wawindaji wengi, au penye koyoti, mbwa mwitu wadogo wa huku, wanaozurura, anaweza kupunguza kuwika zaidi. Lakini bado anacheza: anatandaza mkia, anaburuza mabawa, na kutoa mvumo mzito wa chini kabisa, ambao wengine wetu huuhisi kifuani kabla ya sikio kuukubali. Usiku wa kuamkia msimu nisipolala vizuri, huwa siusikii kabisa.

Siku moja ya wiki ya pili nilikaa kwenye shina la mwaloni tangu saa kumi na moja. Mvua ya rasharasha ilikuwa imekatika, majani chini yameloa, hayana mlio. Aliwika mara moja tu, mtini, mbali. Baada ya hapo kimya hadi saa nne. Mguu wa kushoto ukafa ganzi. Nikajiambia, huyu ameshakwenda zake, nikaunyoosha. Nyuma ya bega langu nikasikia "pat!" Sauti moja kavu, ya onyo. Niligeuza shingo polepole na kuona kichwa, cheupe juu, buluu mashavuni, mita kumi na tano tu. Hakuruka. Alitembea hatua tatu za heshima, kisha akakimbia.

Nilipokwenda kukagua, matope yalikuwa yamebeba alama za vidole vitatu, na kinyesi kibichi chenye umbo la ndoana. Cha dume huwa hivyo. Cha jike hujisokota. Alama zilizunguka mahali pamoja, zikakanyagana. Bwana yule alikuwa amesimama mgongoni kwangu muda mrefu, ananingoja nisemeshe tena.

"Ukimwita sana atakuja haraka"

Kimaumbile, jike ndiye anayemfuata dume. Yeye husimama mahali peupe, hujionyesha, hungoja. Mwindaji anachoomba ni kinyume cha desturi: dume aondoke alipo amfuate jike asiyemwona. Sasa ukiendelea kukwaruza kisanduku chako cha mbao, kile cha kuiga sauti ya jike, kila dakika mbili, unamthibitishia kwamba jike huyo ana hamu na yuko njiani, kwa hiyo hana haja ya kusogea. Mimi siku hizi huita mara tatu au nne kwa sauti ndogo, nikapapasa majani kwa mkono kama ndege anayechakura, halafu nikanyamaza nusu saa. Si dawa ya kila siku. Kuna madume wanaotaka kelele, hasa vijana, lakini mwenye miaka mitatu ameshasikia visanduku vingi.

Zipo sauti nyingine zinazomfanya awike bila yeye kupenda: bundi, kunguru, radi, hata mlango wa gari ukibamizwa. Anajibu kwa mshtuko tu. Hizo ni za kujua alipo, na haziwezi kumleta.

"Saa mbili asubuhi mchezo umekwisha"

Jike hutaga karibu yai moja kwa siku mpaka yafike kumi au kumi na mawili, ndipo anaatamia kwa siku 28 hivi. Asubuhi ikishasogea, majike wanaotaga huchomoka mmoja mmoja kwenda kwenye viota vyao vya chini, na dume aliyekuwa sultani alfajiri anajikuta peke yake saa tatu au nne. Huo ndio wakati anaposikiliza. Kwenye ardhi ya umma hapa Missouri mwisho ni saa saba mchana. Kwenye ardhi ya watu binafsi, tangu 2024, unaruhusiwa hadi jua kuzama.

"Mvua na baridi vimechelewesha msimu wa kupandana"

Kinachowasha hamu yao zaidi ni urefu wa mchana, na jua halicheleweshwi na wingu. Baridi ya ghafla inaweza kuwanyamazisha siku mbili tatu. Upepo unawaharibia kusikia, na ndiyo maana wanakuwa na wasiwasi wakati wa tufani. Mvua yenyewe huwatoa msituni, maana matone yakidondoka kwenye majani hawasikii adui akija, kwa hiyo wanakwenda kusimama kwenye uwanda wazi ambako macho yanatosha. Ukilala nyumbani siku ya manyunyu, umemwachia jirani shamba.

"Wawindaji ndio wamewamaliza"

Hapa kuna ukweli wa jana na makosa ya leo. Karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, uwindaji wa kuuza nyama pamoja na ukataji misitu uliwafyeka kweli. Missouri ilibaki na ndege wachache mno, wasiozidi 2,500 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwanza waliachiliwa maelfu ya ndege waliokuzwa bandani. Walikufa, kwa sababu waliolelewa na watu hawajui kuogopa. Kilichofanya kazi ni kuwakamata wa porini wenyewe, kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo, na kuwahamishia kwenye misitu mitupu. Kuanzia 1954 wengi walitoka eneo la Peck Ranch, milima ya Ozark. Baadaye Missouri ilikuwa na wa kugawa: Kentucky ilipewa bata mzinga, na malipo yakaja kwa fisi maji. Fedha za kazi kama hizo kote Marekani zimetoka kwa sehemu kubwa kwenye leseni za wawindaji na kwenye ushuru wa bunduki na risasi uliotengwa kwa kazi hiyo na sheria ya 1937.

Msimu wa kwanza wa zama hizi ulifunguliwa 1960, siku tatu tu, wakapatikana ndege 94. Machipuko ya 2004 walipita 60,000. Mwaka 2021 walikuwa takriban 35,000. Mporomoko huo ndio tunaoulalamikia mezani kila Aprili, na kila mtu ana mshtakiwa wake. Wengi humtaja koyoti. Koyoti anakula, sawa, lakini mayai huliwa sana na rakuni, oposamu, skanki, kunguru na nyoka. Vifaranga nao hawawezi kuruka katika siku zao kumi za mwanzo, na wanahitaji wadudu wengi na nyasi za kujificha; machipuko yenye mvua ya baridi huwaua. Penye malisho yaliyofyekwa mpaka ukingoni, hata ukiwaua koyoti wote, jike hana pa kutagia.

Katika machipuko hapa unaruhusiwa dume, au ndege mwenye ndevu zinazoonekana. Wawili kwa msimu, na si zaidi ya mmoja wiki ya kwanza. Majimbo mengine yamekaza zaidi. Alabama, mwaka 2022, ilichelewesha siku ya kufungua na kupiga marufuku sanamu za ndege za kumvutia dume kwa siku kumi za mwanzo.

Kuhusu hizo ndevu: ni manyoya yaliyogeuka kuwa kama singa, na baadhi ya majike wanazo pia. Urefu wake haukwambii umri kwa uhakika, maana ncha hukatika. Tazama kipi, yaani ule mwiba wa nyuma ya mguu. Kikizidi sentimita mbili na nusu na kimechongoka, huyo ni mzee.

"Ni ndege tu, kuna hatari gani?"

Kichwa cha dume ni chekundu, cheupe na buluu. Sasa vaa kofia nyekundu, au toa leso nyeupe mfukoni, ukiwa umejificha vichakani huku unatoa sauti ya jike. Kuna mtu mwingine mwenye bunduki ya marisau anayetafuta rangi hizo hizo. Kaa kwenye shina pana kuliko mabega yako. Usinyatie sauti ya ndege, kwa sababu inaweza kuwa ya mtu. Ukimwona mwenzako anakuja, usimpungie mkono, sema naye kwa sauti ya kawaida. Ndege atakimbia. Akimbie.

"Mgeni haruhusiwi kuwinda Marekani"

Naulizwa hili kila wiki. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Aliye na viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki, ila sheria ya shirikisho inamwachia mlango akiwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na karatasi asijaribu kabisa, hata kushika ya rafiki. Missouri inataka pia mafunzo ya usalama kwa waliozaliwa kuanzia Januari 1, 1967, na ukiua, utoe taarifa kabla ya saa nne usiku siku hiyo hiyo. Usimwage mahindi. Eneo huhesabika lina chambo mpaka siku kumi baada ya punje ya mwisho kuondolewa.

Na kwa kuwa mtu atauliza: hapana, Benjamin Franklin hakupendekeza bata mzinga awe ndege wa taifa. Alimwandikia binti yake barua mwaka 1784, nembo ilishapitishwa 1782, akamsema vibaya tai na kumsifu bata mzinga kwa ujasiri. Utani wa baba na mwanawe.

"Nyama yake ni ngumu, wanakula kifua tu na kutupa miguu"

Wanatupa, na ni dhambi. Mlio kwetu mnajua tofauti ya kuku wa kienyeji na wa kisasa. Huyu ni wa kienyeji aliyepanda mlima maisha yake yote. Kifua kikate vipande, kisikae motoni sana. Miguu ichemshe kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, saa tatu moto mdogo, mpaka zile kano ngumu kama njiti zichomoke zenyewe kwa vidole. Halafu chambua nyama, tia tui zito na ndimu.

Mwaka huu nilipata mmoja, siku ya kumi na saba, saa tano na robo, bila kuwika hata mara moja. Nilimtumia mjomba picha ya sufuria. Akajibu, "Mwanangu, huyo ni kanga."