Utatu Mtakatifu: huo mfano wa maji na barafu tuuache jamani

Kila darasa la ubatizo lazima atokee mtu aseme "mwalimu mi nimeshaelewa Utatu, ni kama maji, mara barafu mara mvuke", na wenzake wote wanaitikia kwa vichwa. Hapana. Maji yakishakuwa mvuke si barafu tena, kwa hiyo ukisema hivyo umesema Baba alijigeuza akawa Mwana, halafu akajigeuza tena akawa Roho. Wengine wanagawa na zamu kabisa, Agano la Kale Baba, Agano Jipya Mwana, siku hizi Roho. Haya aliyafundisha Sabellius kule Roma mwanzoni mwa karne ya 3 na kanisa likayakataa, na miaka hiyohiyo Tertullian, mwandishi Mkristo, aliandika kitabu kizima kumpinga Praxeas aliyefundisha hayohayo, akamwambia kama Baba ndiye Mwana basi umemsulubisha Baba.

Soma Mathayo 3 basi. Mwana yuko mtoni, Roho anashuka kama hua, Baba anasema kutoka mbinguni, wote wakati mmoja, nani kajigeuza nani hapo? Na Yohana 14:16 Yesu anasema atamwomba Baba awape Msaidizi mwingine, mwombaji, mwombwa na anayeletwa, hesabu mwenyewe.

Hapo ndo huwa najibiwa kwamba aah, ule ni ubinadamu wake ulikuwa unauomba uungu wake. Hili jibu linanichosha kuliko hata maji! Asili, yaani ubinadamu au uungu, haiombi, anayeomba ni nafsi, yaani yeye mwenyewe. Halafu Yohana 17:5 anaomba utukufu aliokuwa nao pamoja na Baba kabla ulimwengu haujakuwepo, sasa kabla ya ulimwengu huo ubinadamu ulikuwa wapi? Alizaliwa na Mariamu baadaye sana. Kwa hiyo aliyekuwa na Baba tangu milele ni Mwana mwenyewe, na Baba hajawahi kukaa hata dakika moja bila Mwana.

Ushauri wangu, na nitausema mpaka mnichoke: usitafute mfano. Sema Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu, Baba si Mwana, Mwana si Roho, Roho si Baba, na Mungu ni mmoja. Nyamaza hapo hapo, ukiongeza neno la kupendezesha tu umeshaharibu.

Madai mengine kuhusu Utatu sina haja ya kuyapigia kelele sana. Eti Constantine, mfalme wa Roma, ndo aliutunga Utatu pale kwenye mkutano wa maaskofu Nikea mwaka 325. Tertullian niliyemtaja aliandika karibu miaka mia kabla, na kesi ya Nikea ilikuwa ya Arius, kasisi wa Alexandria aliyesema Mwana kaumbwa. Habari za Roho zikaja kuwekwa sawa kwenye mkutano wa Konstantinopoli mwaka 381. Na huyo Constantine wenu alibatizwa 337 akiwa anakaribia kufa, na aliyembatiza ni askofu Eusebius wa Nicomedia, rafiki wa Arius! Mwanae Constantius naye akawabeba wafuasi wa Arius, na Athanasius, askofu aliyeutetea uamuzi wa Nikea, alifukuzwa Alexandria mara 5. Kama ni mradi wa serikali basi serikali ilikuwa inajihujumu.

Eti Mariamu yumo kwenye Utatu, hakuna kanisa linalofundisha hivyo, tuendelee. Eti Roho ni nguvu tu, haya, Matendo 5 Anania anamdanganya Roho Mtakatifu na Petro anamwambia umemwambia uongo Mungu. Nguvu inadanganywaje?

Na nyie mnaoutetea Utatu kwa 1 Yohana 5:7, ile ya Baba, Neno na Roho wanaoshuhudia mbinguni, naomba muiache. Kwenye nakala za kale za Kigiriki haimo, Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, mwenyewe hakuiweka kwenye toleo lake la 1516 wala la 1519, aliiingiza 1522 baada ya kulalamikiwa. Mathayo 28:19 ipo, 2 Wakorintho 13:14 ipo, tumieni hizo.