Volkano ya Rungwe haijakutapikia dhahabu

Nimeletewa tena mfuko wa rambo wenye mawe ya mlima Rungwe, huku Mbeya. "Mtaalamu, hebu tuangalizie. Mlima si ulilipuka? Basi dhahabu imetoka chini na moto." Jamani, nimechoka.

Dhahabu ya Mbeya iko Chunya. Unapanda milima kutoka mjini, unavuka mgongo, unateremka mpaka joto likupokee: hiyo ndiyo Lupa, machimbo yaliyojaza watu miaka ya 1920 na 1930. Mwamba wake una karibu miaka bilioni 2. Ulipasuka ukiwa chini sana, maji ya moto yakapita kwenye nyufa yakaacha mishipa ya kwatzi, jiwe gumu jeupe, na, kwa bahati, dhahabu. Kilichokuwa juu yake kimeshalika chote, ndiyo maana leo mshipa unafikiwa kwa duara, yaani shimo la wachimbaji, na winchi. Nasema kwa bahati kwa sababu mishipa miwili inaweza kwenda sambamba, hatua chache tu, mmoja unalipa na mwingine kwatzi tupu. Vitabu vina maelezo. Mimi bado naamini karasha la kusaga mawe na karai la kuoshea.

Rungwe, pamoja na urefu wake wa karibu mita 2,960, ni mtoto. Haijafikisha hata miaka milioni 1, na majivu yake yamefunika miamba ya kale. Kama kuna mshipa huko chini, umefukiwa.

Hapo wajuaji hunitajia Indonesia na New Zealand: mbona huko dhahabu inatoka kwenye volkano? Kweli inatoka. Lakini haikurushwa na mlipuko! Imewekwa polepole na maji ya moto yanayozunguka ndani ya mwamba, halafu mmomonyoko ukaifunua. Sasa, maji ya moto chini ya Ngozi, volkano jirani ya Rungwe, yapo. Ndiyo jotoardhi inayotafutwa pale. Je, yanaweka dhahabu? Siwezi kuapa kwamba hapana. Ila ingekuwa huko kwenye kina, si juu ya ardhi ukaiokota shambani kwa shangazi.

Kilichokuwa kinang'aa kwenye rambo ni ulanga (mica). Ingiza ncha ya kisu, unabanduka karatasi karatasi. Dhahabu ukiigonga kwa nyundo inalala bapa. Pairaiti, ile inayong'aa njano ikafanana na dhahabu, inasagika unga.

Mali ya Rungwe ni udongo wa chai na viazi, na kule Kyejo, volkano nyingine ya jirani, ile gesi inayotiwa kwenye soda.

Ukiniletea jiwe, lioshe kwanza, na uniambie umelitoa wapi. Ukinijibu "huko huko tu," sifungui mfuko.