Ndege ya kivita iliyoundwa nchini: maana yake na mahali kazi inapokwama

Kuunda ndege ya kivita nchini maana yake ni kuisanifu, kuijaribu, na kubaki na uwezo wa kuibadilisha bila kuomba ruhusa ya mwingine. Ni tofauti na kuunganisha kwa leseni, ambako michoro na vipuri hutoka nje. Anayeunganisha anajua kila kipuri kinakaa wapi. Aliyesanifu anajua kwa nini kimekaa hapo, na ndiye anayeweza kufunga rada au kombora jipya siku anayotaka.

Kwa kipimo hicho, ndege ambazo ni za nchi moja tangu pua hadi mkia ni chache mno, na kinachozichuja zaidi ni injini.

Ndani ya injini ya jeti kuna mapanga madogo ya tabini yanayozungushwa na gesi kutoka chumba cha mwako. Katika injini za kisasa, joto la gesi hiyo linapita kiwango ambacho aloi ya nikeli iliyotengeneza mapanga hayo huanza kuyeyuka. Mapanga yanasalimika kwa sababu yamepakwa kauri, na hewa ya kupoza hupita ndani yake na kutokea kwenye vijitundu vyembamba. Kisha kila panga limemiminwa kwenye kalibu likawa fuwele moja, lisilo na maungio ya ndani ambayo yangelegea polepole kwa joto na mvuto wa mzunguko. Umbo la panga mtu anaweza kulipima na kuliiga. Namna ya kulimimina, yaani usafi wa aloi na mwendo wa kuipoza, haionekani kwa kulitazama; hupatikana kwa miaka mingi ya kuharibu mapanga kiwandani. Hata China, pamoja na fedha na viwanda vyake, ilianza kutumia ndege zake za kivita za J-10 na baadaye J-20 zikiwa na injini za Kirusi.

Injini ya mgeni huja na masharti. Mwaka 1978 Marekani iliizuia Sweden kuiuzia India ndege ya Viggen. Ndege ilikuwa kazi ya Waswidi wenyewe, lakini injini yake ilitokana na ya Kimarekani, na hilo lilitosha.

India nayo ilianza mradi wa Tejas mwaka 1983. Ndege iliruka kwa mara ya kwanza Januari 2001, na kikosi cha kwanza kikaipokea mwaka 2016. Wengi huitaja miaka hiyo kwa dharau, nami naona hawaitendei haki. India ilipofanya majaribio ya nyuklia mwaka 1998, iliwekewa vikwazo na msaada wa Kimarekani katika programu ya kompyuta ya kuongozea ndege ukakatika. Wahandisi wa India waliimalizia wenyewe, na huo ni ushindi mkubwa kuliko unavyosifiwa. Injini yao ya Kaveri ndiyo iliyowashinda kuifikisha kwenye Tejas, kwa hiyo ndege hiyo huruka kwa F404 ya Marekani.

Programu hiyo ya kuongozea si jambo dogo. Ndege nyingi za kivita za kisasa husanifiwa makusudi zisiwe na utulivu wa asili angani ili zigeuke upesi, na kompyuta ndiyo inayozishikilia kila sekunde. Hesabu zikikosewa, rubani hawezi kuiokoa ndege. Sweden ilipoteza ndege yake ya Gripen ya kwanza ya majaribio mwaka 1989 ikitua, na nyingine ilianguka mjini Stockholm mwaka 1993; chanzo mara zote mbili kilikuwa kwenye mfumo wa kuongozea.

Fedha nazo zinaua miradi iliyokwisha kuruka. Gharama za utafiti ni zilezile ukitengeneza ndege 50 au 1,000, kwa hiyo jeshi dogo hulipa zaidi kwa kila moja. Ndege ya Lavi ya Israeli iliruka mwisho wa mwaka 1986. Agosti 1987 baraza la mawaziri likaifuta kwa tofauti ya kura moja. Ndiyo sababu Uingereza, Japani na Italia, ambazo zote zina historia ndefu ya ndege, mwaka 2022 ziliamua kuunda moja kwa pamoja.

Mradi unapofutwa, kinachopotea zaidi ni watu. Canada iliifuta ndege yake ya Avro Arrow Februari 1959, na maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Baadhi ya wahandisi wake bora walikwenda NASA, shirika la anga la Marekani, kusaidia kupeleka binadamu angani. Canada haikuunda tena ndege yake ya kivita, na mwaka 2023 ilitangaza kuwa itanunua F-35 za Marekani.